Mwongozo kamili: kupeleka timu ya kanisa kuhudumia watoto Karonga, Malawi, kutokea Mbeya

Mara ya kwanza kwenda Karonga tulijaza Costa nzima, watu 26, nyuma tumepakia magunia ya nguo na katoni za pipi, tisheti mpya za bluu zina jina la ushirika mgongoni, kwaya inaimba kuanzia Uyole mpaka Tukuyu. Mara ya tatu tulienda watu 9 na tisheti hatuna. Hiyo ya tatu ndo iliyofanya kazi ya maana, na wenyeji wetu ndo waliosema hivo, sio mimi.

Vikundi vya vijana na akina mama vinaniuliza sana tulipangaje, kwahiyo naandika yote hapa, ni ndefu, vumilieni. Natumia njia ya Mbeya hadi Karonga kwa sababu ndo ninayoijua. Kama mnaenda Zambia au Burundi mengi yanafanana, badilisheni tu mambo ya mpakani.

1. Mualikwe kwanza, tarehe baadaye

Watu wengi wanaanza na tarehe. Kamati inakaa, inasema mwezi wa sita shule zimefungwa twende, alafu ndo wanatafuta pa kwenda. Hapo mmeshakosea. Mwezi wa sita shule zetu zimefungwa lakini za Malawi zinaendelea, wao mwaka wao wa shule unaishia kuzunguka mwezi wa saba na unaanza tena Septemba. Na kuanzia kama Oktoba mpaka Machi ghala za watu wengi kule zimepungua, wanasubiri mavuno mapya, sasa we unapeleka wageni 26 wanaotakiwa kupikiwa mara tatu kwa siku. Wenyeji hawatakwambia. Watakopa kuku kwa jirani na watatabasamu.

Kwahiyo anza na barua kutoka kwao. Pitia ofisi ya jimbo au dayosisi yako, waandikie wenzao wa kule (Karonga CCAP, yaani kanisa la Presbiteri, Sinodi ya Livingstonia wana mtandao mkubwa, na madhehebu mengine yapo), waulizwe wanahitaji nini, watu wangapi, wakati gani. Wakijibu "njooni tu, karibuni sana" hiyo ni heshima ya Kiafrika, bado sio mwaliko. Mwaliko unataja kazi.

Na hapa niseme kitu kidogo, maana kuna vijana wanaenda kama vile wanapeleka injili gizani. Wamisionari wa Kijerumani waliofika Rungwe mwaka 1891 walipanda kupitia Ziwa Nyasa, na Waskoti wa Livingstonia walikuwa ziwani tangu 1875. Yaani sisi wa huku injili tuliipata ikipitia upande wao. Nendeni kama ndugu anayerudisha ugeni.

Barua ikishafika, tumeni watu wawili kwenda kuangalia kabla ya timu. Kutoka mpaka wa Kasumulu hadi Karonga mjini ni kama kilomita 45, barabara ya lami, mnaenda na kulala siku moja mnarudi. Hao wawili wawe na swali moja tu kubwa kichwani: sisi tukiondoka, nani anabaki na hawa watoto?

Sisi tulipouliza hilo swali (safari ya pili hiyo, tulichelewa kuliuliza) tulipelekwa chini ya mwembe. Malawi nzima vijijini kuna vituo vya watoto wadogo ambao hawajaanza darasa la kwanza, wanaviita CBCC, vinaendeshwa na kijiji na walezi wengi wanajitolea bila mshahara. Chini ya ule mwembe kulikuwa na chumba kimoja cha nyasi, watoto kama sitini, akina mama wawili, na sufuria moja ya uji, ule wa mahindi na soya wanaouita likuni phala. Mmoja wa wale mama alikuwa anakoroga huku ametuangalia tu, alafu akasema, kwa upole kabisa: mwaka jana mlipoondoka watoto walikataa uji siku mbili, walikuwa wanasubiri pipi.

Sijawahi kununua katoni ya pipi tena.

2. Vituo vya yatima, hapana

Najua hapa nitagombana na watu. Kila kikundi kinataka "kutembelea yatima", kupiga picha umembeba mtoto, kugawa sabuni. Ila watoto wengi wanaoishi kwenye vituo hivi duniani wana mzazi mmoja hai au wote wawili, kilichowapeleka pale ni umaskini, na wageni wakizidi kuja na zawadi kituo kinazidi kuwa na sababu ya kuweka watoto. Mwezi Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la haki za mtoto lililogusa mpaka hili la watu kujitolea na kutalii kwenye vituo vya yatima. Na bila azimio tu fikiria, mtoto wa miaka minne anakumbatiwa na mgeni wiki nzima, mgeni anaondoka, mwezi ujao anakuja mwingine. Huyo mtoto anajifunza nini?

Nendeni kwa watoto wanaolala kwao: CBCC, shule ya Jumapili, shule ya msingi jirani. Mzazi yupo, mlezi yupo, we ni msaidizi wa wiki moja.

3. Timu

Watu 8 mpaka 12 wanatosha. Angalau nusu wawe wanafanya kazi na watoto siku zote, walimu wa chekechea, walimu wa shule ya Jumapili, nesi mmoja ukimpata ni baraka. Fundi mmoja. Mhasibu mmoja mwenye roho ngumu.

Alafu lugha, na hapa Mbeya tuna bahati ambayo hatuitumii. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa ni watu wamoja, mto Songwe tu ndo umewagawa, lugha zinasikilizana. Safari ya tatu tulimchukua bibi mmoja wa Tukuyu, miaka sitini na kitu, Kiingereza hajui hata kimoja. Vijana walinong'ona kwamba atatuchelewesha. Siku ya kwanza tu akasalimia "ugonile", akakaa chini na wale walezi anachambua mchele, mpaka jioni anajua nani kafiwa, nani mumewe yuko Afrika Kusini, mtoto yupi haongei tangu mama yake afariki. Sisi wengine na Kiingereza chetu cha shule tulikuwa tunapewa "zikomo" (asante) za adabu tu. Mchukueni bibi.

Ukienda kusini zaidi ya Karonga utakuta Kitumbuka, asante yao ni "yewo", na Kichewa kinaeleweka karibu kote.

Watoto wa chini ya miaka 18 mimi siwachukui kwenye timu. Mkiamua kuwachukua, barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili iliyothibitishwa na wakili, na mtu mzima mmoja anayewajibika kwa jina.

4. Ulinzi wa watoto, hii hatua usiiruke hata mkiwa mnafahamiana tangu kipaimara

"Sisi ni watu wa Mungu tunaaminiana" ni sentensi ambayo watu wabaya wanaipenda sana. Kila anayeenda, mchungaji akiwemo:

- ajaze fomu yenye majina ya wadhamini wawili, mmoja asiwe ndugu wala wa ushirika huo huo, na mtu awapigie simu kweli
- apate cheti cha polisi cha alama za vidole
- asaini kanuni za mwenendo, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, asomewe kwa sauti mbele ya wenzake

Kanuni zenyewe: hakuna mtu mzima kukaa peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Chooni mtoto anapelekwa na mlezi wake wa kule, sio na sisi. Kubeba mtoto mgongoni au mapajani hapana, akija mwenyewe anataka kushikwa mkono mshike, hadharani. Hakuna kumchapa, hata kumtishia. Hakuna kubadilishana namba na mtoto wala kumpa hela mkononi.

Mtoto akikwambia jambo baya linalompata, msikilize, usimhoji kama polisi, usimwahidi kwamba itabaki siri. Mwambie mtu mliyekubaliana na wenyeji kabla (na awepo kweli, jina lake liandikwe). Namba ya bure ya msaada kwa watoto ni 116, Malawi na Tanzania ni namba hiyo hiyo.

Mazoezi ya haya yote ni Jumamosi mbili nzima. Atakayekosa zote mbili haendi. Tuliwahi kumwacha mwenyekiti wa vijana kwa hili, ilileta maneno, yakapita.

5. Makaratasi na mpaka

Mtanzania haitaji viza kwenda Malawi kutembea. Pasipoti lazima, msidanganywe na watu wa Kyela wanaovuka kwa vibali vya ujirani, vile ni vya watu wa mpakani na biashara zao. Anzeni pasipoti miezi mitatu kabla maana kuna mtu cheti chake cha kuzaliwa kina jina tofauti na NIDA, kila timu ana mmoja.

Wenyeji waulize uhamiaji wa Malawi mapema kama kazi yenu inahitaji kibali cha muda, wapate jibu la maandishi. Mkifika dirishani semeni ukweli, tumealikwa na kanisa fulani kwa siku nane, barua hii hapa. Usiseme "mtalii" huku begi limejaa manila na projekta.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano muwe nayo. Chanjo moja inatosha maisha, ila kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwahiyo usiende kuchanja juzi yake.

Gari: kadi halisi, barua ya mwenye gari kama sio lenu, bima ya gari ya COMESA, ule umoja wa soko la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, nayo inaitwa kadi ya njano ila sio ile ya chanjo (Tanzania haiko COMESA lakini bima hiyo tunaitumia), kibali cha kuingiza gari kwa muda, na ushuru wa barabara kwa gari la kigeni. Jazeni mafuta Tukuyu au Kyela, Malawi mafuta huwa yanaadimika mpaka foleni za siku nzima. Kubeba kwenye madumu usithubutu. Au fanyeni kama sisi mara ya tatu: vuka kwa mguu, chukua usafiri wa upande wa pili, mjini mnazunguka na kabaza, zile baiskeli na pikipiki zao za abiria. Imetupunguzia presha mno.

Mizigo ndo balaa. Safari ya kwanza yale magunia ya nguo yalikaa forodhani masaa matano, hatuna orodha, hatuna barua ya mpokeaji, mwisho mawili yakarudi Mbeya. Chakula ndo kabisa usibebe. Machi 2025 Malawi ilizuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje, Aprili Tanzania nayo ikajibu kwa kuzuia mazao yao, baadaye yakapoa, ila kesho yanaweza kurudi na gunia lako la mchele wa Kyela likakwama pale. Mchele kule upo na ni mzuri, unaitwa Kilombero, jina la kwetu kabisa. Madaftari, sabuni, chakula, nunua Karonga, muuza duka wa kule naye ana watoto.

6. Hela

Panga bajeti kwa shilingi, sio kwa kwacha. Novemba 2023 kwacha ilishushwa asilimia 44 kwa mkupuo, kikundi kilichokuwa kimeweka akiba ya kwacha kililia. Noti kubwa ni ya 5,000, kwahiyo hela kidogo tu inajaza begi. Wale vijana wa mpakani wenye mabunda wanazikunja noti katikati unahesabu moja mara mbili, badilisheni sehemu rasmi mkiwa wawili.

Kanuni yetu ya sasa: kwa kila shilingi inayotumika kutusafirisha na kutulisha sisi, tujue ngapi inabaki Karonga. Ikiwa nauli na tisheti zimekula karibu yote, tumeni hela na watu watatu, wengine wabaki waombe. Fundi wetu mara ya tatu hakushika msasa, alikaa na mafundi wawili wa kijijini tuliowalipa, wakajenga choo na sehemu ya kunawia kwenye ile CBCC. Kupaka ukuta rangi mwenyewe wakati pale nje kuna kijana fundi hana kazi, hiyo sio huduma ni pikiniki.

Na malipo ya chakula chenu mpeni mweka hazina wa kule kabla hamjafika. Wakikataa, sisitizeni.

7. Afya, haraka haraka

Mtu wa Mbeya mjini amezoea baridi, Karonga ni joto la ziwani na mbu wa kutosha. Kwenye malaria we ni mgeni kama Mzungu tu, muone daktari kuhusu dawa za kinga na beba neti. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kipindupindu cha 2022 na 2023 kiliua zaidi ya watu 1,700 Malawi. Ziwani msiogelee, kuna kichocho. Na mkiwa pale ufukweni mtu akiliita Ziwa Malawi muitikie tu, mjadala wa mpaka muachie mabalozi.

8. Siku yenyewe inakuwaje

Kwanza saa. Malawi wako saa moja nyuma yetu, na simu karibu na mpaka inarukaruka kati ya mitandao, kwahiyo nusu ya timu inaamka saa kumi na nusu usiku bila kujua. Alafu wao hawahesabu saa kama sisi. Safari ya kwanza nilimwambia mzee mmoja tutafika saa tatu, akatafsiri "three", akina mama wote wakatangaziwa hivo. Sisi tuko pale asubuhi na magitaa yetu, uwanja mtupu, mbuzi mmoja. Watu walikuja alasiri, wakatukuta tumelala kwenye mikeka. Andika 09:00 saa za Malawi, kwenye karatasi.

Ratiba iliyotufaa: asubuhi walezi wao ndo wanaoongoza watoto, sisi tunasaidia, tunanawisha mikono, tunagawa uji, tunaimba wanachoimba wao. Ikifika 11:30 watoto wanaenda kwao. Mchana tunakaa na walezi, na huu mchana ndo moyo wa safari nzima. Tuliwauliza wanataka kujifunza nini, wakasema vifaa vya kuchezea, maana hawana. Tukatumia siku nne kutengeneza: vifuniko vya soda vya kuhesabia, vimetobolewa kwa msumari na kutungwa kwenye uzi, midoli ya vitambaa, vitalu vya mbao kutoka mabaki ya fundi yamepigwa msasa. Sheria moja, hakuna kitu kinachotoka dukani na hakuna kitu kidogo cha kumezwa na mtoto. Siku ya tano mlezi mmoja akaja na gari la mabua alilotengeneza nyumbani, magurudumu yanazunguka kabisa, zuri kuliko letu lolote. Hapo nikajua tunaweza kurudi nyumbani.

Kuhusu kuhubiri watoto. Hadithi za Biblia sawa, nyimbo sawa, wenyeji wetu ni kanisa na wazazi walijua. Ila pale kijijini kulikuwa na familia za Kiislamu pia zinazoleta watoto CBCC, na tulikubaliana na walezi kwamba mafundisho ya dini yanakaa Jumapili kanisani na sio wakati wa uji. Na kumuita mtoto wa miaka mitano atoe maisha yake kwa Yesu huku umeshika biskuti, jamani, atakubali hata ukimwambia ahamie mwezini.

Wekeni siku moja ya kupumzika. Karonga kuna makumbusho yenye mfano wa mifupa ya Malawisaurus, dinosaria aliyechimbwa wilaya hiyo hiyo, nauli ndogo na vijana watawasimulia miaka.

9. Picha na ahadi

Picha: mpiga picha mmoja tu kwa timu, wengine simu mfukoni. Ruhusa ya mzazi au mlezi kabla. Hakuna mtoto aliye uchi, anayelia, au anayekula. Usiweke sura, jina na kijiji pamoja mtandaoni. Swali la kujipima: ingekuwa mwanao, na mpiga picha ni mgeni asiyejua lugha yako, ungekubali?

Ahadi ni mbaya kuliko picha. Mwenzetu mmoja safari ya kwanza alimwambia binti wa darasa la saba "nitakusomesha". Alikuwa ameguswa, hakudanganya kwa makusudi. Tuliporudi mwaka uliofuata yule binti alikuwa amesimama kwenye kona ya kanisa na mfuko wa plastiki, ndani ana ripoti zake zote za shule zimenyooshwa vizuri, anamsubiri. Mwenzetu hakuwa kwenye safari ile. Mama mchungaji wa kule alikaa naye muda mrefu nyuma ya kanisa. Ada ikaja kulipwa na ushirika kupitia kanisa lao, lakini mimi ule mfuko bado nauona.

Kwahiyo kanuni, ahadi yoyote inatolewa na kamati kwa kamati, kwa maandishi, na mtoto anaambiwa na mchungaji wake pale hela ikishafika.

10. Mkirudi

Usiku wa mwisho waachieni wenyeji nafasi ya kuwasema, nyie msiwepo, mtu wao aandike. Ripoti yao isomwe kanisani kwenu kabla ya ile yenu, pamoja na mabaya. Mahesabu yabandikwe ubaoni na risiti ndani ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu pigeni simu mkaulize choo kinafanyaje, sio kuuliza kama wanawakumbuka.

Na mtu yeyote wa timu akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, hata miezi, asinywe panado akalala, aende kupima malaria na amwambie daktari alikuwa Karonga. Yule aliyeingia ziwani pamoja na kukatazwa, na huwa yupo, akapime kichocho baada ya miezi miwili hivi.